Mlango wa Anga za Juu Usifungwe

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 1998, huizunguka Dunia kwa muda wa dakika 90 hivi, katika kimo cha kilometa 400. Kituo hicho kinaendeshwa na serikali za Marekani, Urusi, Japani, Kanada na nchi kadhaa za Ulaya. Mpango uliotangazwa na Marekani ni kukitumia hadi mwaka 2030, kisha kukishusha baharini. Mahali pake patashikwa na vituo vya makampuni ya watu binafsi, ambamo serikali zenyewe zitakuwa wapangaji.

Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba ushindani wa biashara hupunguza gharama. Hoja hiyo ina uzito, maana roketi zinazotumika tena zimekwisha kuithibitisha. Lakini mwenye nyumba ya kupangisha humpokea kwanza awezaye kulipa, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya iliachiliwa kutoka Kibo, chumba cha Japani katika kituo hicho. Ilikuwa mchemraba wenye ubavu wa sentimeta 10, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na wataalamu wa Italia. Nafasi hiyo ilitolewa bila malipo na Japani pamoja na Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Je, ni mfanyabiashara gani atakayeitoa nafasi kama hiyo pasipo kulazimishwa?

Tena, biashara huweza kufa. Mwaka 2016 chumba cha kupanuliwa kwa hewa, kilichotengenezwa na Bigelow Aerospace, kiliunganishwa na kituo hicho. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Chumba kilisalimika kwa kuwa kilikuwa mikononi mwa serikali.

Dawa ipo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka serikali ziidhinishe na kusimamia daima shughuli za makampuni yao huko. Basi, kila kibali cha kujenga kituo kiwe na masharti mawili: sehemu ya nafasi itengwe kwa vyuo vya mataifa machanga, na fedha za kukishusha kituo ziwekwe dhamana mapema. Masharti hayo hayana budi kuandikwa sasa, kabla vituo havijarushwa.