*TAARIFA YA TAWI: LIKIZO SI HISANI YA BOSI*



Kwenye kikao cha Jumamosi mwenzetu mmoja mwenye duka na waajiriwa alisimama akasema vijana wa siku hizi wanapenda likizo kuliko kazi. Baadhi yetu tulicheka, wengine wakapiga makofi. Kamati ya Tawi haikubaliani naye, na tunalisema hapa hadharani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutungwa kwa ajili ya watu wa maofisini tu. Inamhusu mlinzi, mhudumu wa baa na muuza duka. Likizo ya mwaka ni siku *28* mfululizo, sikukuu zikiwa humo humo, na malipo yake unapewa kabla hujaondoka. Mwajiri anaweza kupanga uende lini, hilo tusibishane nalo. Kuamua kama utaenda au hutaenda si kazi yake.

Tunajua kinachofanyika. Mlinzi analetewa fomu ya likizo, anasaini, na usiku huohuo yuko lindoni. Kwenye faili amepumzika! Akiuliza, anaambiwa wanaoitaka nafasi yake wamejaa getini. Mwingine anaugua malaria wiki nzima, siku zinakatwa kwenye likizo yake ya mwaka. Huo ni wizi. Ugonjwa una likizo yake: siku *126* ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Mama aliyejifungua ana siku *84*, wa mapacha *100*. Baba ana tatu tu, na hata hizo tatu kuna kijana wa tawi hili alinyimwa mwaka huu.

Wanasema biashara ndogo haiwezi kubeba. Mbona mwenye biashara akisafiri mwezi mzima duka halifungwi?

Usisaini fomu ya likizo ambayo hukwenda. Tunza nakala ya mkataba. Ukidhulumiwa likizo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku *60*, usingoje mpaka ufukuzwe. Asiyejua kujaza fomu amwone Katibu.

Na wanachama wenye waajiriwa mtakaogombea uongozi wa tawi, jiandaeni na swali moja ukumbini: watu wako walikwenda likizo lini?

_Imetolewa na Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tawi._
Sambaza kwenye makundi mengine.