Mtoto mwenye kigugumizi



Katika shule nyingi wako watoto wawili watatu wanaolijua jibu la mwalimu, lakini hawainui mkono. Si wajinga, wala si wavivu. Wanaliogopa neno la kwanza. Midomo hukaza, macho hupepesa, na silabi moja hurudiwa mara tano, au neno halitoki kabisa. Wenzao hucheka, na pengine mwalimu naye hucheka. Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kigugumizi, maana mengi yanayosemwa juu yake si kweli, na dawa nyingi za nyumbani zamwumiza mtoto bure.

Mara nyingi kigugumizi huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anapojifunza kuunganisha maneno. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watoto 100, wapata 5 hushikwa nacho kwa muda. Katika watu wazima 100 hubaki nacho kama mmoja tu. Basi walio wengi hupona, tena wengi hupona wenyewe. Wavulana hubaki nacho kuliko wasichana. Tena hufuata ukoo: mahali alipo mtoto mwenye kigugumizi, mara nyingi yupo mjomba au babu aliyekuwa nacho. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wameona kasoro katika jeni, yaani katika urithi wa mwili, wa jamaa moja kubwa ya Pakistani yenye watu wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo baba asimlaumu mama kwa kumdekeza mtoto, wala mama asimlaumu baba kwa ukali wake. Ukali ni vibaya kwa sababu nyingine, lakini kigugumizi haukukileta.

Wako wazee wanaosema kwamba shida iko katika ulimi: umefungwa, yafaa ukatwe kidogo chini yake. Wasidhani kwamba ni sisi Waafrika tu tuliofikiri hivyo. Mwaka 1841, mjini Berlin, daktari mkuu wa upasuaji jina lake Dieffenbach alianza kuwakata wenye kigugumizi kwenye shina la ulimi, na madaktari wengine wa Ulaya wakamfuata. Dawa ya kulaza wagonjwa usingizi ilikuwa haijaanza kutumiwa. Watu walivuja damu nyingi na kuteseka, na baada ya muda njia ile ikaachwa, kwa kuwa haikuwa na faida. Ulimi wa mwenye kigugumizi ni mzima. Mwambie aimbe: ataimba wimbo mzima pasipo kukwama. Mwambie asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja: mara nyingi atasoma sawasawa. Ulimi uliofungwa ungewezaje kufunguka katika wimbo na kufungwa tena baada yake? Shida iko katika jinsi ubongo unavyopanga na kuongoza mwendo wa maneno. Kumkata ulimi, kumpiga kofi kwa ghafula ili ashtuke, kumtia kitu kinywani, hayo yote hayafiki mahali penyewe.

Sasa tusimulie jambo moja la huzuni. Wendell Johnson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alidhani kwamba ni wazazi wanaokileta kwa kumsahihisha mtoto mno. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, alikwenda kwenye nyumba ya yatima katika mji wa Davenport ili kuijaribu dhana hiyo. Yatima 22 walichaguliwa. Sita kati yao walikuwa wakisema vizuri kama watoto wengine, lakini waliambiwa kwa muda wa miezi kadhaa kwamba wana kigugumizi, kwamba wajitahidi kukizuia, na kwamba wasifungue kinywa isipokuwa wanaweza kusema sawasawa. Wataalamu waliozichungua karatasi zile baadaye wameandika kwamba hakuna hata mmoja aliyepata kigugumizi cha kweli. Dhana ya Johnson haikuthibitika. Lakini watoto wale walianza kuona haya, wakakataa kusema darasani, wakajifungia katika kimya. Habari hii ilijulikana kwa watu wote mwaka 2001 tu, na Chuo Kikuu kikaomba radhi. Mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa baadhi ya yatima wale na warithi wao.

Tazameni vema, wazazi, mambo haya mawili yaliyomo. Maneno yetu hayawezi kumtia mtoto kigugumizi. Lakini yaweza kumtia kimya. Na yale waliyoambiwa yatima wa Davenport na watu wasomi, sisi twawaambia watoto wetu bila kufanya uchunguzi wowote: "Nyamaza kama huwezi kusema!" "Sema upesi, watu wanangoja!" Mtoto wa miaka 7 aliyekwisha kusikia hayo mara mia hujifunza kubadili neno gumu kwa neno jepesi, kukataa kutumwa dukani, kujifanya hajui somo. Kigugumizi chake huonekana kupungua, na nyumba nzima hufurahi. Kumbe amepunguza kusema.

Twafanya nini basi? Mtoto akikwama, tumtazame usoni kwa utulivu kama tunavyomtazama asiyekwama, tungoje amalize. Tusimmalizie neno lake. Hata ile "Pole pole, mwanangu, vuta pumzi," ijapokuwa yatoka katika moyo mwema, humkumbusha tu kwamba tunahesabu makosa yake. Ni afadhali sisi wenyewe tuseme taratibu, maana mtoto hufuata mwendo wa anayezungumza naye. Na kila siku apate kitambo kidogo cha kuongea na mama au baba peke yake, pasipo ndugu zake wa kumkatiza.

Juu ya ndugu hao tuna neno. Katika Kitabu cha Kutoka, Musa alijitetea mbele ya Mungu kwamba yeye ni mzito wa kusema, naye akapewa ndugu yake Haruni awe msemaji wake. Kama kilikuwa kigugumizi au sivyo, hatudai kujua. Lakini nyumbani mwetu kila mwenye kigugumizi hupata Haruni wake: dada mwenye maneno mengi anayejibu kila swali aliloulizwa kaka. Dada huyo ana huruma, asigombezwe. Afundishwe tu kungoja.

Kigugumizi kikiendelea kupita miezi sita, au mtoto akianza kukaza uso na kuogopa kusema, yafaa kutafuta msaada. Wako wataalamu wa kazi hiyo. Wabelgiji humwita logopedi, Wafaransa ortofonisti. Katika Kongo ni wachache mno, na walio wengi wako mijini; lakini daktari wa hospitali kubwa aweza kuulizwa. Huko Sydney, Australia, ilianzishwa njia iitwayo Lidcombe kwa watoto wadogo, ambayo mzazi ndiye mwenye kazi: mtaalamu humfundisha mama, na mama kila siku humsifu mtoto kwa kiasi anaposema bila kukwama. Njia hiyo haitaki mashine wala dawa, yataka mtu wa kuwafundisha wazazi.

Na aliyekua nacho asikate tamaa. George VI wa Uingereza, alipokuwa angali mwana wa mfalme, alihutubu Wembley mwaka 1925 kwa taabu kubwa mbele ya watu wengi. Mwaka uliofuata alianza kufundishwa na Mwaustralia Lionel Logue, ambaye hakuwa daktari, bali mwalimu wa kusema aliyepata kuwasaidia askari waliorudi vitani. Mwaka 1927 alisema vizuri katika kufungua Bunge huko Canberra. Tarehe 3 Septemba 1939, akiwa mfalme, aliitangazia nchi yake habari ya vita kwa redio, na Logue alikuwa pamoja naye chumbani. Hakupona kabisa; mtu asikilizaye sauti yake hata leo husikia mahali anapongoja kabla ya neno. Lakini alisema.

Mwisho twawaomba wenzetu walimu. Kuitwa majina asubuhi ni jaribu kubwa kwa mtoto huyu kuliko mtihani wa hesabu, kwa kuwa neno ni moja tu na hawezi kulibadili. Mwalimu amwite kando, amwulize kwa siri apendavyo: kujibu, au kuinua mkono? Asome pamoja na mwenzake, kisha siku atakapotaka, asome peke yake. Na atakaposimama kusoma, darasa zima lingoje, mwalimu akiwa wa kwanza kungoja, wala asitazame saa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya mtoto anayechelewa kusema kwa sababu hasikii vizuri.