Kukanda Si Kufukiza

Lugha ya tiba haitaki mzaha, kwa kuwa jina la tiba aghalabu ndilo agizo la kwanza analolipata mgonjwa. Mfano ni tiba ya Kichina ambayo, pamoja na ile ya kudunga sindano, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mnamo Novemba 2010, kamati husika ilipokutana jijini Nairobi. Majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga husokotwa na kuwashwa, kisha kaa lake husogezwa karibu na ngozi ili joto lipenye mwilini. Miongoni mwa matumizi yake ni kutuliza makali ya mafua.

Kwa kuwa pana moshi, ni rahisi mfasiri kuiita tiba hiyo kufukiza. Hilo ni kosa. Katika nyanda za baridi za Molo na Njoro, anayejifukiza hujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto yenye majani ya mkaratusi, akavuta mvuke. Watanzania nao walivumisha msemo "kupiga nyungu" mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Kiini cha tendo hilo ni pumzi. Mwenye mafua akiambiwa ajifukize kwa pakanga, atauinamia moshi na kuuvuta, nao utamzidishia kikohozi.

Kiswahili hakijaishiwa. Kitenzi kukanda hutumika mgonjwa anapotiwa joto mwilini kwa kitambaa cha maji moto. "Kukanda kwa joto la pakanga" kungetaja mmea na namna ya kuutumia. Huenda ikadaiwa kuwa kukanda ni lazima kugusa, ilhali kaa haligusi ngozi. Hata hivyo, kinachofikishwa mwilini ni joto, na ndilo linalotajwa.

Waama, jina zuri halithibitishi tiba. Mafua ya kawaida hupona yenyewe, mara nyingi katika siku 7 hadi 10. Kaa nalo huunguza, na anayehema kwa shida hana budi kupelekwa hospitalini.

Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kilianzisha Taasisi ya Confucius kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Kichina na Kiswahili basi vimekuwa majirani. Inawapasa wanafunzi wa Kiswahili kuketi na wenzao wa Kichina, na vilevile na wazee wanaojua kukanda, kufukiza na kuumika, kabla istilahi haijatoka kwa pupa ikamdhuru mgonjwa.