Maisha Card ina chipu, lakini namba yako bado iko kwenye daftari la getini

Ukiingia kwenye majengo mengi ya ofisi Nairobi, askari wa getini anakuomba kitambulisho. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu: zote zinaandikwa kwenye daftari. Anayekuja nyuma yako anaandika mstari wa chini yake, na akitaka kusoma zako, nani atamzuia?

Hayo ndiyo mazingira iliyoyakuta Maisha Card, kitambulisho kipya cha Kenya chenye chipu, kilicholetwa na mpango wa Maisha Namba mwaka 2023. Serikali inasema kitapunguza kughushi. Sawa. Lakini je, kitalinda faragha yako?

Chipu inafanya nini?

Kadi isiyo na chipu ni picha na maandishi tu, na mwenye printa nzuri anaweza kuiiga. Chipu ni kompyuta ndogo. Inaweza kubeba ufunguo wa siri ambao hautoki nje ya kadi: mashine ikiuliza, chipu inajibu kwa kutumia ufunguo huo. Fotokopi haiwezi kujibu.

Shida ni kwamba chipu inahitaji mashine ya kuisoma. Pasipo na mashine, kadi inabaki plastiki yenye namba juu yake, na daftari linaendelea kujaa.

Wenzetu wanafanyaje?

Ujerumani ilianza kutoa kitambulisho cha aina hii mwaka 2010. Kikitumika mtandaoni, kinaweza kuthibitisha kuwa umefikisha miaka 18 bila kutaja tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeuliza anapata "ndiyo" au "hapana", basi. Wewe unaweka namba ya siri kwanza, na yeye lazima awe na kibali rasmi cha kusoma taarifa hizo.

Hapo ndipo faragha ilipo: si kwenye chipu peke yake, bali kwenye masharti ya nani anaruhusiwa kuuliza nini.

Na chipu nayo si malaika. Mwaka 2017 Estonia iligundua udhaifu kwenye chipu za vitambulisho karibu 760,000, ikalazimika kuzuia matumizi yake ya kidijitali hadi virekebishwe.

Somo la Huduma Namba

Kenya imeshapita njia hii. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria. Kosa halikuwa kwenye teknolojia. Serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za wananchi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sheria hiyo hiyo inataka anayekusanya taarifa achukue zile anazozihitaji tu. Sasa jiulize: jengo linahitaji namba yako ya kitambulisho kwa kazi gani hasa? Inakaa kwa muda gani? Daftari likijaa linatupwa wapi?

Maswali hayo hayajibiwi na kadi mpya. Yanajibiwa na sheria inayofika mpaka getini.

Kwa sasa, ukiombwa fotokopi ya kitambulisho, andika juu yake tarehe na sababu uliyoitolea. Ni kinga ndogo, lakini inafanya iwe vigumu kuitumia kwingine.