KONA YA MWALIMU: Eti dunia itaangukia jua?

Juzi mtoto wa darasa la tano aliniuliza swali hilo. Kumbe alilisikia kwenye foleni ya maji, na usiku hakulala.

Basi tulichomeka vijiti 2 chini, tukafunga kamba ncha moja huku na nyingine kule, tukaivuta kwa kijiti cha tatu na kuchora. Vijiti vikikaribiana, unapata karibu duara. Vikiachana, linarefuka. Lakini kamba ni ileile! Njia ya dunia iko hivyo, ila imerefuka kidogo tu: mwanzoni mwa Januari tuko kama kilometa milioni 147 toka kwenye jua, mwanzoni mwa Julai milioni 152. Sayari kubwa Mshtarii na jirani yetu Zuhura zinaivuta dunia, basi njia inarefuka na kurudi, kila mara kama miaka 100,000. Umbali wa wastani, yaani ile kamba, karibu haubadiliki. Kwa hiyo hatuanguki.

Mtoto akacheka, halafu akauliza: "Na mwezi je?" Haya, mwezi kweli unatuhama, karibu sentimita 4 kwa mwaka. Hilo toleo lijalo.