Mzazi Kijana na Kiti cha Kamati ya Shule

Katika mikutano mingi ya wazazi wa shule za msingi hapa Tanzania, uchaguzi wa kamati ya shule huwa ajenda ya mwisho. Inatangulia taarifa ya taaluma, inafuata ya mapato na matumizi, kisha uji, kisha utoro. Ikifika saa saba mchana mama mwenye genge ameshaondoka kuwahi wateja, na baba wa bodaboda ameshapigiwa simu na abiria wake. Wanaobaki kwenye madawati ni wastaafu, mabalozi wa mtaa na wajumbe wa kamati inayomaliza muda wake. Hao ndio wanaopendekezana na kuunga mkono hoja, na muhtasari unaandika kwamba wazazi wamechagua.

Msimamo wangu ni kwamba mzazi wa miaka 25 au 30, mwenye mtoto wa awali au darasa la kwanza, anapaswa kugombea nafasi kwenye kamati hiyo. Na akishaingia, aombe kazi ya kushika daftari la fedha na kupokea vifaa. Cheo cha mwenyekiti kinaweza kubaki kwa mzee yeyote anayekitaka.

Wengi wanaiona kamati ya shule kama chombo cha kuitisha michango. Ilikuwa hivyo zamani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 serikali inapeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ziliwekwa kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kutoka juu, na 6,000 ndizo za kushuka shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto kila mwezi. Shule yenye wanafunzi 800 inapata 400,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, mpira, bawaba za milango na bati lililotoboka. Fedha zikiwa finyu hivyo, kila uamuzi una mtoto anayeumia: ukinunua rimu za karatasi, choo cha wasichana kinasubiri mwezi mwingine. Uamuzi huo unapita mikononi mwa kamati, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake.

Halafu kuna ujenzi. Mwaka 2021 Tanzania ilipokea mkopo wa masharti nafuu wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Mengi yalikuwa ya sekondari, ambako chombo kinachosimamia ni bodi, lakini 3,000 yalijengwa kwenye shule shikizi za msingi. Kazi ilifanywa na mafundi wa kawaida badala ya makandarasi wakubwa, utaratibu ambao mitaani unaitwa fosi akaunti, na ambao umeendelea kutumika katika miradi mingi ya shule. Utaratibu huo unataka ziwepo kamati ndogo za ujenzi, manunuzi na mapokezi palepale shuleni, na wazazi wamo ndani yake.

Hebu tuitazame hiyo ya mapokezi. Lori linafika saa kumi na mbili jioni na giza linaingia. Karatasi ya dukani inasema mifuko 120 ya saruji na nondo za milimita 12. Mjumbe wa mapokezi anatakiwa awepo, ahesabu mfuko mmoja mmoja ukishuka, apime nondo ajue kama ni 12 au ni 10, aangalie kama mbao zimetiwa dawa, ndipo asaini. Mahali pengi mjumbe anapigiwa simu kesho yake: mzee, pita shuleni, kuna karatasi. Anapita, anakuta saruji tayari imepangwa stoo, anasaini alichoandikiwa. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa. Ila hakuhesabu.

Hapa kijana ana kitu ambacho mstaafu mara nyingi hana. Anayebeba saruji kwa bajaji kila siku anajua mfuko unauzwaje wiki hii katika maduka yote ya mtaa. Kijana fundi rangi anajua ndoo moja inapaka ukuta kiasi gani. Mama wa mgahawa anajua debe la maharage lina kilo ngapi na linapikiwa watu wangapi, ujuzi unaohitajika sana sasa ambapo chakula cha mchana shuleni kinategemea mahindi na maharage ya wazazi. Hakuna semina ya siku mbili inayoweza kumpa mjumbe elimu hiyo.

Wapo watakaojibu kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Eneo la shule likivamiwa, anayejua mpaka ulipita kwenye mkorosho upi ni mzee aliyekuwepo wakati wa kulima shamba la shule, na shule imewahi kupona kwa kumbukumbu ya namna hiyo. Vilevile mzee anaweza kumwambia mtendaji wa kata "hapana" na maneno yakaishia hapo.

Pingamizi zito kuliko yote liko hapohapo, kwenye kusema "hapana". Mzee mara nyingi hana mtoto darasani. Kijana anaye, tena mdogo, asiyeweza kujieleza vizuri. Mzazi akiuliza risiti iko wapi, anarudi nyumbani akijiuliza mwanawe atatazamwaje kesho asubuhi. Walimu walio wengi hawawezi kumfanyia mtoto ubaya kwa swali la mama yake, lakini hofu haisubiri ushahidi, na imenyamazisha wazazi wengi wenye akili. Kumwambia mtu awe jasiri hakutoshi. Kinachosaidia ni vijana wawili au watatu kugombea pamoja ili swali lisiwe na mwenyewe mmoja, na kuuliza ndani ya kikao ili liandikwe. Hoja ikishaingia kwenye muhtasari inakuwa ya kamati nzima.

Kwa akina mama vijana kuna mtego mwingine. Wao ndio wanaojaa mikutanoni, na wakichaguliwa wanapewa uji na usafi, huku manunuzi yakienda kwa wanaume. "Mama Neema, wewe utatusaidia jikoni." Stoo ya chakula ni kazi nzito na inahitaji mtu mwaminifu, lakini haifai iwe mlango pekee wa kuingilia. Baadhi ya akina mama hawa waliondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito, kabla serikali haijaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi masomoni mnamo Novemba 2021. Leo wanaandikisha watoto wao. Inapojadiliwa namna ya kumrudisha darasani binti aliyejifungua, sijui ni mjumbe gani angestahili kusikilizwa kabla yao.

Kuna pia suala la muda. Mtoto aliyeanza awali Januari 2026 atamaliza darasa la sita mwaka 2032, kwa kuwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Vyumba vitabadilishiwa matumizi, walimu watapangwa upya, na mzazi wa darasa la saba atakuwa ameshaaga. Atakayeishi na maamuzi hayo kwa miaka mingi ni mzazi wa madarasa ya chini, ambaye sasa hana mtu kwenye meza.

Kenya wana utaratibu unaofaa kuigwa. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kamati tendaji ya chama cha wazazi iwe na mwakilishi wa kila darasa, na mwenyekiti wake pamoja na wenzake wawili wanaingizwa kwenye bodi ya shule. Mzazi wa darasa la kwanza ana kiti bila kushindana na babu wa darasa la saba. Sisi tunao Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW, lakini wenye kalamu ya fedha ni kamati. Tungechagua kamati yenyewe darasa kwa darasa, na tungeuweka uchaguzi mwanzoni mwa mkutano, Jumamosi alasiri, umri wa kamati ungeshuka bila mtu kutangaza vita na wazee. Posho ya kikao nisingeiomba kutoka kwenye ruzuku, maana ni kuchukua zile shilingi 500 za mtoto. Bora vikao viwe vifupi na vianze saa iliyotajwa.

Mzazi kijana atakayechaguliwa mwaka huu aombe katika kikao cha kwanza muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya benki ya miezi mitatu na daftari la stoo. Akiambiwa taarifa ya benki haipo hapa leo, aombe iandikwe italetwa tarehe ngapi, na nani ataileta.