Dishi Lianzie Kwenye Ramani

Mwananchi apitaye leo Mtaa wa Kongo au Sikukuu, akainua macho juu ya meza za wachuuzi, huona madishi ya televisheni yakining'inia kwenye roshani za maghorofa. Mengine yameliwa na kutu ya upepo wa bahari. Nyaya zake zimeteremka ukutani ovyo, na chini yake watu wanauza, wananunua na kubeba mizigo tangu alfajiri.

Hatuandiki haya kwa kuichukia televisheni. Zanzibar ilianza kuwa nayo katika miaka ya 1970. Sisi wa Bara tuliingojea hadi 1994. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi viliingia majumbani kwa wingi. Chombo hiki kimekwisha kuwa sehemu ya nyumba. Tunachoshangaa ni kwamba nyumba mpya zinajengwa kana kwamba hakipo.

Mwenye nyumba hukaa na mchoraji akapanga choo, jiko, ngazi na tangi la maji. Dishi halitajwi. Rangi ikishakauka ndipo fundi huitwa, akatoboa zege la paa ambalo limekwisha kuzibwa lisipitishe maji. Masika yanapofika, dari ya mpangaji wa ghorofa ya juu huanza kuvuja, na ugomvi wa nani alipe huanza siku hiyohiyo.

Yafaa tuelewe dishi linatazama wapi. Setilaiti za matangazo ziko juu ya Ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, itumiwayo na DStv, iko karibu utosini mwetu. Hata uani penye uwazi wa mbingu dishi lake hupokea. Ile ya nyuzi 7 Mashariki, itumiwayo na Azam TV, iko upande wa magharibi, kama nyuzi 52 juu ya upeo wa macho. Jirani wa magharibi akijenga ukuta uliolizidi dishi lako kwa meta 10, nao uko umbali usiozidi meta 8, picha imekwisha. Katika Kariakoo, ambako nyumba ya vyumba sita yenye ua inaweza kugeuka ghorofa, jambo hilo si la kubahatisha.

Dawa yake si ghali ikiwahiwa. Kiwekwe kiguzo cha zege juu ya paa kabla paa halijazibwa, ndani ya ukingo, mahali fundi anapofika kwa ngazi bila kuhatarisha maisha. Mabomba ya nyaya yalazwe ukutani kabla ya kupiga lipu, mbali na nyaya za umeme, yafike kila ghorofa. Uwekwe waya wa kupeleka radi ardhini. Na jengo liwe na dishi moja la pamoja kwa kila huduma, lenye kifaa cha kugawa mawimbi kwa wapangaji wote.

Wapo wenye nyumba wasemao kuwa dishi ni shauri la mpangaji. Hoja hiyo haina uzito. Mpangaji huhama, matundu aliyotoboa hubaki. Wapangaji ishirini wakifunga madishi ishirini, kila mmoja amelipa peke yake kwa kitu ambacho wangekitumia kwa pamoja.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu wengi. Hatusemi kwamba dishi huangusha jengo. Tunasema kwamba msiba ule ulitukumbusha kuwa, katika mitaa iliyosongamana hivi, nyumba ya mtu binafsi ni jambo la watu wote wapitao chini yake. Dishi lililofungwa kwa misumari miwili kwenye roshani halitauliza ni nani anayepita siku litakapong'oka.

Kwa hiyo tunawaomba wenye viwanja wasianze msingi kabla ya kulipa dishi mahali pake kwenye ramani. Mafundi wakatae kulifunga juu ya njia ya watu. Nao wakaguzi wa Halmashauri ya Jiji, wanapoipitia ramani ya jengo jipya, waongeze swali moja tu: dishi litakaa wapi? Asiye na jibu arudishiwe ramani yake.